Laki tatu mfukoni: namna ya kuchagua TV ndogo ya HD

Jumapili moja, saa mbili usiku, dada yangu alinipigia simu sauti imejaa hasira. "Kaka, hii TV uliyonichagulia ni bure kabisa. Picha ni ileile ya chogo. Tena afadhali chogo." Alikuwa ameuza chogo lake la inchi 21, akasubiri zamu yake ya upatu, akanunua TV bapa ya inchi 32. Nilipofika kwake Mbagala nikakuta TV nzima, king'amuzi kizima cha HD, na kati yake umepita waya wa vichwa vitatu: njano, nyekundu na nyeupe. Nikauchomoa, nikachomeka waya wa HDMI niliokuja nao, nikabonyeza rimoti. Msoma habari akaota nyusi. Dada alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe miezi miwili yote hii tulikuwa tunaangalia ukungu."

Waya ule wa rangi tatu ulikuja bure ndani ya boksi la king'amuzi, na cha bure huwa hakiulizwi maswali. Lakini ndani yake picha haiwezi kupita zaidi ya mistari 576, hata kama king'amuzi kinatoa 1080 na kioo kinaweza kuionyesha. TV haitengenezi HD. Inaonyesha ilicholishwa, kwa ubora wa mahali palipo pembamba kuliko pote njiani: kituo, king'amuzi, waya, kioo, na mwisho jicho lako kutoka pale ulipokaa. Mwenye hela nyingi ananunua kila kitu kipana na hajali. Sisi wenye laki tatu inabidi tujue penye wembamba ni wapi, hela iende hapo.

Natumia laki tatu kama mfano tu. Bei za Kariakoo hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo wewe weka kiasi chako na ufuate hatua zilezile. Dukani tutafika, lakini baadaye.

1. Andika TV yako itakula nini

Chukua karatasi uandike kila kitu kitakachochomekwa kwenye hiyo TV. King'amuzi cha antena? Cha dishi? Flashi ya muvi zilizotafsiriwa? Simu na bando? Usiandike unachotamani, andika kilichokuwa kinawashwa nyumbani kwako wiki iliyopita.

Kama ni king'amuzi, kigeuze uangalie mgongoni. Kisipokuwa na tundu la HDMI, basi ni cha SD, yaani picha ya kawaida isiyo na ukali wa HD, na TV yoyote utakayonunua itaonyesha SD. Hapo una njia mbili: bajeti ihesabu king'amuzi kipya, au ukubali picha ya kawaida na usilipie zaidi kwa ajili ya neno HD. Na hata king'amuzi cha HD kina chaneli nyingi ambazo bado zinarushwa kwa SD. Picha ya namna hiyo ukiitandaza kwenye kioo cha inchi 43 inavutika kama fulana ya mtoto aliyoivaa mtu mzima. Kwenye inchi 24 au 32 inakaa vizuri. Ndiyo maana mtu anayeangalia sana taarifa ya habari, tamthilia na mpira wa ligi kwenye chaneli za kawaida simshauri akope aongeze ukubwa.

Kama unategemea antena bila king'amuzi, kumbuka Dar es Salaam mitambo ya analojia ilianza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine ikafuata. TV inayotaka kushika chaneli kwa antena peke yake lazima iwe na kipokezi cha dijitali ndani, na kinachofaa Tanzania, Kenya na Uganda huandikwa DVB-T2. Usikubali DVB-T isiyo na ile 2 mwishoni. Cha dishi huandikwa DVB-S2. Muuzaji atakwambia "hii king'amuzi kiko ndani, hulipii tena". Nusu ni kweli: utapata zile chaneli zinazorushwa bila kufungwa. Za kulipia zinabaki zimefungwa, kipokezi cha ndani hakizifungui.

Kama ni intaneti, piga hesabu ya bando kwanza. Saa moja ya picha ya HD inaweza kula kuanzia GB 1 mpaka 3, kutegemea programu unayotumia. Mtu wa bando la siku la GB 1 akinunua TV ya kisasa ya intaneti amenunua pambo.

2. Pima unapokaa

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa hela nyingi.

Picha ya TV hujengwa kwa nukta ndogo ndogo za mwanga, na TV nyingi za inchi 32 za bei ya chini zina nukta 1366 kwa 768, upana kwa kimo. Hiyo ndiyo HD yao. Full HD ni nukta 1920 kwa 1080. Kwenye kioo cha inchi 32 cha HD kila nukta ina upana wa kama nusu milimita, na jicho zima huacha kuziona nukta hizo moja moja ukishakaa mbali zaidi ya mita 1.8. Kwa Full HD ya ukubwa huohuo ni kama mita 1.3. Maana yake, tofauti ya HD na Full HD kwenye inchi 32 inaonekana kwa mtu aliyekaa karibu kuliko mita 1.8. Aliye nyuma ya hapo analipia nukta ambazo macho yake hayazifikii.

Chukua futi ya fundi cherehani. Ile ina sentimita 150. Itandaze kutoka mahali TV itakapokaa kuelekea kwenye kochi, kitanda au mkeka, halafu ongeza shubiri moja na nusu. Kichwa chako kikiwa nyuma ya hapo, inchi 32 ya HD inakutosha na huna sababu ya kuona aibu dukani. Kikiwa mbele yake, kwa mfano chumba cha kupanga ambamo kitanda kimegusana na kabati la TV, tafuta Full HD ya inchi 24 au 32. Na ukivuka kwenda inchi 40, ile HD ya 1366 inaanza kuonyesha punje zake mpaka mita 2.2 hivi, kwa hiyo huko juu Full HD ni lazima.

Ukiwa bado na futi mkononi, pima na kabati. Kioo cha inchi 32 kina upana wa sentimita 71 na kimo cha 40, bado fremu. Miguu ya TV nyingi siku hizi iko mwisho kabisa kushoto na kulia, na nimeona TV imekaa mguu mmoja kwenye kabati na mwingine juu ya rundo la vitabu vya shule.

3. Gawa hela kabla ya kutoka

Kwenye laki tatu, ya TV yenyewe iwe laki mbili na arobaini, au na nusu ikibidi sana. Inayobaki ina kazi: waya wa HDMI, kilinda umeme ambacho madukani huitwa TV guard, nauli ya bajaji, na stendi ya ukutani au antena kama unahitaji. Ukimaliza yote kwenye TV utarudi kwenye waya wa njano kama dada yangu.

Waya wa HDMI usikubabaishe. Wa mita moja au mbili, wa bei ya kawaida, unapitisha picha sawa na ule uliopakwa rangi ya dhahabu. Ukiwa mbovu utaona mwenyewe: picha inakatika au inatoa chenga. Hauwezi kuwa mbovu kwa siri.

Kilinda umeme ndicho nisichokubali mtu akiruke. Umeme ukikatika, shida kubwa huja pale unaporudi, maana mara nyingi huja kwa kishindo. Hicho kidude kinashikilia kidogo mpaka utulie ndipo kinaupitisha.

Wanaoogopa LUKU: TV ya LED ya inchi 32 hula kati ya wati 30 na 60. Tuseme 50, uiwashe saa sita kwa siku, ni uniti 0.3. Kwa mwezi uniti 9. Chogo lilikula zaidi.

Na walio kwenye sola wanunue ile iliyoandikwa DC 12V au AC/DC, ili wasipoteze umeme kwenye inveta. Waangalie pia lebo inavumilia volti ngapi, kwa sababu betri ya gari au ya sola ikiwa inachajiwa hupanda mpaka volti 14 na ushee.

4. Soma boksi kwa jicho la karani

Sasa twende Kariakoo. Utaingia duka la kwanza, ukuta mzima unawaka kasuku na matunda, na kijana atakwambia, "Karibu bosi, hii hapa Full HD mpaka 4K, mzigo umeshuka jana."

Usibishane naye. Geuza boksi utafute namba. Maneno makubwa ya mbele hayana kazi, unachotafuta ni mstari mdogo wenye 1366 x 768 au 1920 x 1080. Neno la kuogopa ni "support". "1080p support" au "4K support" maana yake TV inakubali kupokea picha hiyo, kisha inaipunguza iingie kwenye kioo chake kidogo. Ni kama lori la mchanga kukubaliwa kuingia uani: halimaanishi una nyumba ya ghorofa. Vibandiko vya HDR na vya Hz 120 kwenye TV ya bei hii vipite kama hujaviona.

Kisha toa ile futi. Usicheke, nimeitoa mara nyingi na hakuna aliyenifukuza. Inchi za TV hupimwa kona ya kioo hadi kona ya pili, mshazari, kioo chenyewe bila fremu. Ya inchi 32 halali hutoa kama sentimita 80. Duka moja nilipima "inchi 32" ikaishia sentimita 71, ambayo ni inchi 28. Kijana akasema, "Hiyo tunahesabu na boksi, mzee." Angalau alisema ukweli. Inchi 28 si dhambi, lakini ilipiwe bei ya inchi 28.

Angalia na jina. Kuna majina makubwa yaliyoongezewa herufi au kugeuzwa moja, mwandiko na rangi vikabaki vilevile. TV yenye jina lake lenyewe usilolijua naiheshimu kuliko inayojifanya mtu mwingine.

5. Ya intaneti au ya kawaida? Dabo glasi au kioo cha kawaida?

Kwa bajeti hii, mimi ni mtu wa TV ya kawaida. Ile ya intaneti ya bei ya chini mara nyingi imepunguzwa kwenye kioo ili hela iende kwenye programu, halafu programu zenyewe zinakaa kwenye kumbukumbu ya GB 1 na nafasi ya GB 8. Baada ya mwaka mmoja au miwili inakuwa nzito, unabonyeza rimoti halafu unasubiri kama uko foleni ya benki. Nyingi hutumia Android isiyoidhinishwa na Google: alama ya Netflix unaiona kwenye menyu lakini haifunguki, au inafunguka na picha ya chini. Kuna na jambo la usalama. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vifaa vya Android vya bei rahisi vya nyumbani, visanduku vya TV vikiwemo, vilivyokutwa na programu hasidi iitwayo BADBOX 2.0, vingine vikiwa nayo tangu kabla ya kununuliwa. Ukitaka ya intaneti kweli, tafuta yenye nembo ya Google TV au mfumo wa kampuni kubwa, na uombe waifungue YouTube mbele yako kwa intaneti ya simu yako.

TV ya kawaida haikufungii mlango. Kesho ukipata hela unanunua kijiti cha kuchomeka nyuma na inakuwa ya kisasa. Ila kijiti kinataka tundu la HDMI na king'amuzi kinataka jingine. Kwa hiyo matundu mawili ya HDMI yana thamani kubwa kuliko intaneti ya ndani. Hapo ndipo ningeongeza elfu ishirini.

Dabo glasi ni habari nyingine. Ni kioo kigumu kilichowekwa mbele ya kioo chenyewe cha picha, na nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu na rimoti inayoruka inakihitaji kuliko inavyohitaji Full HD. Kijaribu kwa kugusa kwa pindi ya kidole, taratibu: kioo cha kawaida kinabonyea kidogo na rangi zinatanuka pale ulipogusa, dabo glasi ni kama kugusa dirisha. Hasara yake ni uzito na mng'ao. Mlango wako ukitazamana na TV, mchana utajiona mwenyewe na majirani wanaopita. Bila watoto, mimi nachukua ya kawaida.

6. Igeuze nyuma

Mgongo wa TV unasema ukweli kuliko uso wake. Hesabu matundu: HDMI mbili, USB moja, tundu la antena, na njia ya kutolea sauti kama una sabufa. Hapo kwenye sabufa wengi huumia. Yale matundu mekundu na meupe ya nyuma ya TV mara nyingi ni ya kuingizia sauti, yameandikwa AV IN, hayatoi kitu. Tafuta tundu la hedifoni. Lisipokuwepo, king'amuzi kinakuokoa: picha ipite kwa HDMI, halafu ule waya wa rangi tatu uuchomeke nyuma ya king'amuzi, nyekundu na nyeupe ziende kwenye sabufa, njano iachwe inaning'inia. Kwa dada ndiyo kazi yake mpaka leo.

Kisha lebo ya umeme. Iandikwe 100–240V au 220–240V. Kwa TV mpya za madukani hii ni kawaida, lakini kwa za mtumba ndipo pa kufa na kupona. Iliyotumika Japani kwa kawaida ni ya volti 100 peke yake. Ukiichomeka ukutani hapa itakuaga siku hiyohiyo. Tena kipokezi chake ni cha mfumo wa Japani, hakishiki chaneli zetu. Ya Marekani isome lebo kwa makini, nyingine ni ya volti 120 tu. Ya Uingereza umeme wake ni sawa na wetu na hata plagi ni ileile ya miguu mitatu ya bapa, ila zile za zamani zenye nembo ya Freeview bila neno HD zina kipokezi cha DVB-T, kwa hiyo zinafaa kwa king'amuzi tu. Za kutoka Oman na Dubai kwa umeme hazina shida.

Kuna njia moja ambayo wachache huifikiria: moniota ya kompyuta iliyotoka ofisini. Moniota ya inchi 24 ya Full HD yenye tundu la HDMI, king'amuzi na sabufa ya zamani, hiyo ni TV ya HD kamili kwa mtu wa chumba kimoja, na picha yake inaishinda TV mpya ya bei hiyohiyo. Haina kipokezi, nyingi hazina spika, rimoti utatumia ya king'amuzi. Chukua yenye HDMI halisi. Za zamani za tundu jeupe la DVI nyingine hukataa kuonyesha king'amuzi kwa sababu hazina kile kibali cha ndani cha kulinda picha zisinakiliwe, na utabaki na kioo cheusi bila kuelewa kosa.

7. Jaribu kwa flashi yako

Usijaribu TV kwa video ya duka. Kasuku wa duka hana kasoro kwenye TV yoyote.

Siku moja kabla, weka kwenye flashi picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Ongeza picha ya ukurasa wa gazeti uliyoipiga mwenyewe kwa simu, simu ikiwa imelazwa, na video uliyorekodi kwa 1080p nje mchana, yenye watu na majani ya mti. Hizi unajua zilivyo kwa macho, hakuna wa kukudanganya. Weka na muvi moja ya zile unazonunua mtaani, ili ujue kama USB inaifungua. Faili mpya nyingi ni za H.265, namna mpya ya kubana video, na TV nyingine zinatoa sauti bila picha.

Mwambie kijana atoe mwanga wa maonyesho aweke wa kawaida, ule ulioandikwa Standard au Home. Anza na nyeupe. Tafuta nukta nyeusi, na tafuta mawingu: mabaka ya giza au upande mmoja uliofifia, hasa kwa TV ya mtumba, ni dalili kwamba baadhi ya taa za ndani zimekufa au ziko njiani. Nyeusi itakuonyesha mwanga unaovuja kwenye kona. Rangi tatu zitakuonyesha nukta iliyogoma. Kioo cha HD kina nukta zaidi ya milioni moja, hivyo moja iliyokufa pembeni ni sababu ya kuomba punguzo tu. Iliyokufa katikati ni sababu ya kuomba TV nyingine, kwa sababu utaiona kila siku usoni mwa mtu.

Kwenye ukurasa wa gazeti angalia herufi za habari, vichwa vikubwa uviache. Kisha chuchumaa. Ndiyo, chuchumaa pale dukani, maana kama nyumbani mnakaa mkekani na TV iko juu ya kabati, mtaitazama kutoka chini. Kuna vioo ambavyo ukiviona kutoka chini nyuso zinakuwa za kijivu na nyeupe inageuka njano. Sogea kulia na kushoto vilevile.

Pandisha sauti mpaka mwisho usikie kama plastiki inatetemeka. Chomeka HDMI kwenye kila tundu, usiamini kwamba la pili ni zima kwa sababu la kwanza ni zima. Jaribu kila kitufe cha rimoti. Kisha iache inawaka nusu saa, kunywa soda, rudi uiguse mgongoni. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto wa kuondoa mkono, iache hapohapo.

Na muhimu: jaribu ile utakayoondoka nayo, iliyotoka kwenye boksi lako. Ya ukutani ni ya ukutani.

8. Risiti, waranti na safari

Risiti iwe ya EFD, yenye tarehe na bei halisi uliyolipa. Kadi ya waranti ipigwe muhuri na iandikwe namba ya TV yako, ile ya mgongoni, ukiangalia zinafanana. Uliza swali moja: ikiharibika, anayeitengeneza ni nani na yuko wapi? "Uilete tu hapa" ni jibu la kukuzungusha. Kioo kilichopasuka hakuna waranti itakayokilipa, hilo lijue mapema. Ukija kugundua umeuziwa bandia, Tanzania Bara malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na utakapofika kitu cha kwanza utakachoulizwa ni risiti.

Bodaboda hapana. Najua ni ya haraka na dereva atasema atabeba taratibu. TV isafiri imesimama, haijalazwa hata mara moja, ikiwa ndani ya bajaji na wewe umeishika. Inayokwenda mkoani kwa basi, lipa kidogo isimamishwe kwenye buti, na uandike KIOO pande zote mbili kwa kalamu nene. Ukiitoa kwenye boksi shika fremu kwa mikono miwili. Dole gumba likikandamiza kioo ni mistari ya rangi maisha yote.

9. Usiku wa kwanza

Chomeka kilinda umeme, HDMI, king'amuzi. Halafu ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, kwa sababu vingine hutoka kiwandani vimewekwa 576 hata ukivichomeka kwa HDMI. Weka 720p, tazama, kisha 1080i, tazama, bakiza iliyotulia. Umbo liwe 16:9.

Upande wa TV, ile alama ya chaneli au saa ikiwa imekatwa pembeni, tafuta kwenye menyu ya picha neno Just Scan au Screen Fit. Ukali wa picha, Sharpness, ushushe karibu na chini kabisa. Ukiwa juu unachora kingo nyeupe kuzunguka watu na kuwafanya waonekane wamekatwa kwa mkasi. Mwanga wa taa za ndani, Backlight, ushushe mpaka nusu au zaidi kidogo. Chumba cha usiku hakihitaji zaidi, na kinachoua TV nyingi za bei hii ni taa hizo kuwashwa kwa nguvu zote kila siku. Sauti ikiwepo na picha isiwepo, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu: ukiona picha hafifu inatembea humo ndani, ni taa zimekufa na fundi anazibadilisha. Usikubali kuambiwa kioo kimekwisha.

Boksi na yale mafomu yake meupe ya kukinga TV isigongwe usimpe mtoto achezee gari. Yaweke juu ya kabati mpaka waranti iishe, maana maduka mengi hayapokei TV iliyorudishwa imefungwa kwenye khanga.